Doubles za Trinidad kwa njia ya mkato

Swali la kwanza ninaloulizwa ninapofundisha vitafunio vya Karibi ni kama dengu za kopo, zile kubwa nyeupe (chickpeas), zinafaa. Zinafaa kabisa. Na unga wa bara, yaani vimkate vya doubles, unaweza kuukanda usiku, ukaumukia kwenye friji wewe umelala. Ila hatua ya kukaanga bizari kwenye mafuta usiiruke, hata ukiwa na haraka namna gani.

Doubles ni vimkate viwili vyembamba vya rangi ya manjano, viitwavyo bara, vilivyopakwa mchuzi mzito wa dengu. Trinidad huuzwa kando ya barabara tangu alfajiri, zimekunjwa kwenye karatasi, na watu huzila wima kabla ya kwenda kazini. Mizizi yake iko kwenye majiko ya Wahindi walioanza kufika kisiwani humo mwaka 1845 kwa meli ya Fatel Razack, wakaletwa kufanya kazi ya mkataba kwenye mashamba ya miwa baada ya utumwa kukomeshwa. Lakini doubles zenyewe zilizaliwa Trinidad. Familia ya Deen ya Princes Town ndiyo inayotajwa kuanza kuziuza miaka ya 1930. Kwa kuwa Wahindi walileta viungo vyao pwani yetu pia, kabati la jikoni la Mombasa au Unguja tayari lina karibu kila kitu.

Kwa doubles sita, changanya gramu 250 za unga wa ngano, kijiko cha chai cha hamira, nusu kijiko cha manjano, nusu cha bizari nyembamba iliyosagwa, chumvi na sukari kidogo. Ongeza maji ya uvuguvugu polepole, kama mililita 190, mpaka upate donge laini linalonata. Hapa wengi huharibu: wanaliona linanata, wanaongeza unga, na bara zinatoka ngumu kama chapati iliyolala. Liache linate. Paka mafuta mikononi badala ya kunyunyiza unga. Likishaumuka, ligawe madonge 12, yapumzishe dakika kumi, kisha tandaza kila moja kiganjani kwa vidole. Kaanga kwenye mafuta ya moto sekunde chache tu kila upande. Ukizitoa, zirundike na uzifunike kwa kitambaa safi, maana mvuke wake ndio unaozilainisha.

Sasa dengu. Chukua kopo moja la dengu kubwa nyeupe. Koroga kijiko kikubwa cha bizari ya mchuzi kwenye maji kidogo mpaka iwe uji mzito. Ndivyo wafanyavyo wapishi wa Trinidad ili isiungue. Kaanga kitunguu na vitunguu saumu, mimina uji ule, uendelee kukaanga mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Harufu nyingi ya viungo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukiitia bizari moja kwa moja kwenye mchuzi, utapata rangi nzuri na ladha ya unga mbichi. Tia dengu na maji kikombe kimoja, chemsha dakika kumi na tano, kisha ponda robo yake kwa mwiko ili mchuzi ushikane. Malizia na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Kule huweka jani liitwalo shado beni, lenye harufu ya kotmiri iliyozidi ukali. Mimi hutumia kotmiri pamoja na vikonyo vyake. Juu weka tango lililokunwa, chatne ya ukwaju na pilipili mbuzi iliyosagwa na siki. Pilipili mbuzi ni ndugu wa karibu wa ile wanayotumia Karibi, kwa hiyo usihangaike kutafuta nyingine.

Ukitaka kitu chepesi zaidi, fanya ndizi za kubonyezwa, ambazo Haiti huitwa bannann peze na Puerto Rico tostones. Tumia mzuzu au mkono wa tembo mbichi. Kata vipande vinene, kaanga mpaka vilainike bila kuwa vyekundu, bonyeza kwa kitako cha glasi, chovya kwenye maji ya chumvi, vikaushe vizuri kwa kitambaa na ukaange tena. Vikishabonyezwa, kabla ya kuvichovya, unaweza kuvigandisha kwenye friza kwa siku ya wageni. Haiti huliwa na pikliz: kabichi, karoti na pilipili kwenye siki.

Pati za Jamaika nazo huwa rahisi ukinunua pastri ya tabaka iliyogandishwa, ila huumuka kuliko pastri ya huko, hivyo isukume iwe nyembamba. Koroga manjano kwenye yai la kupakia juu ili upate ile rangi. Ndani weka nyama ya kusaga iliyopikwa na majani ya kitunguu, thaimu na bizari, ukiifunga kwa chenga za mkate mpaka isidondoshe maji. Nyama ipoe kabisa kabla ya kufunga, la sivyo siagi ya pastri itayeyuka mezani badala ya kwenye oveni.