Kibao kinasema 50 na foleni haipo, kwa nini tupunguze?

Juzi kati nilienda kumpokea binamu yangu Heathrow, katoka Tanga, mara yake ya kwanza Uingereza. Tukaingia M25, barabara kuu inayozunguka London, kuelekea kusini, magari mengi lakini yanatembea fresh, mara vibao vya taa juu ya barabara vikaandika 60, mbele kidogo 50, nikapunguza. Binamu akaanza kuchungulia pembeni, "Kaka, kuna tochi hapa?" Maana kwa mtu wa kwetu 50 ni kijijini, na trafiki kajificha nyuma ya mwembe lol. Hapa ni maili, yaani kama kilomita 80 kwa saa. Nikamwambia hamna trafiki, tunapunguza ili foleni isizaliwe. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Hii ndo kazi yangu kwahiyo acha nieleze vizuri kuliko nilivyomweleza yeye nikiwa na usukani.

Barabara ikikaribia kujaa, mtu mmoja akigusa breki kidogo tu, wa nyuma yake anagusa zaidi kidogo, wa tatu zaidi, na huko nyuma kabisa kuna mtu anasimama kabisa wakati aliyeanzisha hayo yote kashaenda zake na hajui lolote. Ukishusha spidi ya wote mapema, mwendo unalingana, watu wanaacha kuhamahama leni, zile breki zinapungua. Kila gari linaenda taratibu kidogo, ila barabara inapitisha magari bila kukatika. M25 ilianza mtindo huu 1995, kwenye kipande hichohicho cha kusini-magharibi mwa London.

Nani anaamua iwe 50? Mara nyingi ni kompyuta. Chini ya lami tunachanja mifereji myembamba na kulaza waya uliozungushwa, tunaita lupu, gari likipita juu chuma chake kinabadilisha umeme wa ule waya na kisanduku cha pembeni kinahesabu. Zikiwa mbili kwenye leni moja unapata na spidi. Ziko kila mita 500 hivi. Magari kwa dakika yakivuka kiwango tulichokiweka, 60 inawaka, yakizidi, 50. Na lupu ikiona gari limekaa juu yake sekunde mbili hivi badala ya kupita, mfumo unajua mkia wa foleni uko hapo, unawawashia 40 wanaokuja nyuma wasije wakaugonga. Kazi ngumu si kuweka waya, ni kuchagua hicho kiwango, ukiweka chini sana kibao kinawaka barabara tupu na madereva wanakidharau mazima. (Halafu uje mkandarasi mmoja, simtaji, akate kebo saa nane usiku na mvua inanyesha. Nimeshalia.)

Mpaka hapo mimi naitetea hii teknolojia popote. Ugomvi ulianzia kwenye bega la barabara, ile leni ya pembeni ya kusimama ukiharibikiwa. 2006 kule M42 karibu na Birmingham wakaanza kuruhusu magari yapite kwenye bega saa za msongamano tu, kwa 50, na vituo vya kujiegesha kwa dharura vilikuwa karibu karibu. Ikafanya kazi vizuri. Kuanzia 2014 wakaenda mbali zaidi, bega likageuzwa leni ya kawaida saa 24, na vituo vikaruhusiwa kuachana hadi kilomita 2.5. Sasa fikiria gari limezima usiku, barabara nyepesi. Lupu haioni kitu! Imetengenezwa kuona foleni, na gari moja lililosimama katikati ya lupu mbili, wengine wanalikwepa tu, halitengenezi foleni. Mpaka mtu wa chumba cha kamera alione na awashe alama ya X nyekundu kufunga ile leni, dakika zinakwenda, na watu wamekufa hivyo. Rada za kutambua gari lililosimama zilikuja kufungwa baadaye, nazo kuna wakati zinapiga kelele bila sababu. Mimi naona rada ilitakiwa itangulie, bega lifuate, wao wakafanya kinyume.

2022 wakasitisha kujenga barabara mpya za namna hii zisizo na bega, Aprili 2023 serikali ikafuta kabisa ujenzi wa mpya, zilizopo zikabaki na kuongezewa vituo vya dharura. Kwenye magazeti ikasomeka kama teknolojia imefeli, hapo ndo ninapochukia, kwa sababu vibao na lupu vilifanya kile tulichoviambia vifanye.

Binamu alipoona nimenogewa na hotuba akauliza, sasa hapa tulipo, gari likizima tunaenda wapi? Nikamwonyesha kushoto. Bega lilikuwepo muda wote, kipande kile hawajalichukua.