Mkazo wa mfupa kwenye vipandikizi vya meno ya bandia ya chini

Mkazo ni kani ikigawanywa kwa eneo linaloibeba. Kani ya nyutoni 100 ikitua kwenye milimita mraba 10, mkazo ni megapaskali 10. Kani hiyohiyo ikitua kwenye milimita mraba 2 tu, mkazo unapanda hadi 50. Mdomoni, hesabu hii inamhusu sana mtu aliyeng'olewa meno yote ya taya la chini.

Meno ya bandia ya chini hucheza: ulimi huyasukuma, na ukingo wa ufizi unaoyashika ni mwembamba. Mwaka 2002, wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza kwamba chaguo la kwanza kwa mtu huyu liwe meno ya kuvaa na kuvua yanayojibana juu ya vipandikizi viwili. Hivi ni vijiti vifupi vya metali ya titani, na huzamishwa ndani ya mfupa wa sehemu ya mbele ya taya, karibu na yalipokuwa machonge.

Jino la asili limezungukwa na utando wa nyuzi wenye unene wa kama milimita 0.2, unaolipa nafasi ya kudidimia kidogo. Kipandikizi hakina utando huo; mfupa umeshikana na titani moja kwa moja, na kani yote inaishia humo. Tena haisambai sawasawa. Ni kama nguzo ya uzio: ukiisukuma kwa juu, udongo unaobanwa zaidi ni ule wa mdomoni mwa shimo. Kwenye taya, mahali hapo ni gamba gumu la mfupa linalozunguka shingo ya kipandikizi.

Kwa maoni yangu, watu huogopa mno nguvu ya kutafuna na kusahau mwelekeo wake. Gamba hilo huhimili kugandamizwa vizuri, kuvutwa kidogo, na kani ya kulikata kwa ubavu ndiyo hulishinda mapema. Mtazame anayetafuna muhogo wa kuchoma upande wa kulia. Magego yake ya bandia yamekalia ufizi laini, hayana kipandikizi chini yake. Yanazama, meno yote yanabinuka kwenye mstari unaounganisha vipandikizi viwili, na cha kulia kinapindwa kuelekea nyuma. Kichwa cha kipandikizi kikiwa kirefu juu ya ufizi, wenzo unaongezeka na shingo inaumia zaidi.

Kinachoharibu mambo polepole ni mfupa wa nyuma ya taya, ambao huendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Pengo hujitokeza chini ya magego na kubinuka kunazidi. Vikombe vya plastiki vilivyo ndani ya meno ya bandia, vinavyobana vichwa vya vipandikizi, huchakaa upesi, na skrubu zinazoshika vichwa hivyo zinaweza kulegea. Mgonjwa huenda asisikie maumivu yoyote, maana kipandikizi hakina zile nyuzi zinazohisi shinikizo.

Kwa hiyo daktari wa meno huweka kidole juu ya magego ya bandia, upande mmoja kisha mwingine, na kubonyeza. Sehemu ya mbele ikiinuka, upande wa ndani wa meno hayo unahitaji kujaziwa upya ili ufizi urudi kubeba sehemu yake ya mzigo.