Je, nanoteknolojia ni roboti wadogo tu?

Wanafunzi wengi, na wazazi wao pia, huamini kwamba nanoteknolojia ni roboti wasioonekana wanaoundwa katika maabara za mbali, na kwamba shule isiyo na mashine ghali haiwezi kuifundisha. Si ajabu, filamu zimeichora hivyo.

Neno lenyewe linahusu ukubwa. Katika milimita 1, ile nafasi ndogo kabisa kwenye rula, zimo nanomita 1,000,000. Fani hii hushughulika hasa na vitu vya nanomita 1 hadi 100. Kwa udogo huo maada hubadili tabia: chembe za dhahabu zikisambaa majini huonekana nyekundu, si za manjano. Mafundi wa vioo wa zamani huko Ulaya waliupata wekundu huo bila kujua sababu yake.

Wala si lazima kitu kitengenezwe na binadamu. Chuma jani la gimbi, lidondoshee maji. Matone yatajiviringa kama shanga na kuondoka na vumbi, kwa sababu uso wa jani una vinundu vidogo sana vilivyofunikwa na nta. Sasa sugua sehemu moja kwa kidole, kwa nguvu, kisha dondoshea tena. Hapo maji yatatanda: jani ni lile lile, uso ndio uliobadilika. (Nawa mikono baadaye, utomvu wake huwasha.)

Ukikuta bidhaa imeandikwa "nano" dukani, uliza: chembe zake zina ukubwa gani, na zinafanya kazi gani?