Kujifanya kuumia uwanjani si kadi nyekundu ya moja kwa moja

Ligi zikipamba moto, makundi ya WhatsApp ya mashabiki hapa Malindi hupokea ujumbe uleule: mchezaji anayejifanya kaumia ni lazima alimwe kadi nyekundu papo hapo, na refa asiyeitoa kahongwa. Si kweli.

Kanuni ya 12 ya Sheria za Mchezo wa soka inahesabu kumhadaa mwamuzi kuwa mwenendo usio wa kiungwana, na adhabu yake ni kadi ya njano. Refa akisimamisha mchezo kwa kosa hilo, wapinzani hupewa mpira wa adhabu usiofungwa moja kwa moja. Sheria hizi zinasomwa mtandaoni bila malipo. Fungua kanuni hiyo, utafute sehemu ya maonyo.

Mkanganyiko nauelewa. Mwenye njano akijiangusha hupata ya pili, kisha nyekundu; anayetazama kipande kifupi cha video haoni ile ya kwanza. Na mchezaji aliyetibiwa uwanjani akitoka nje kwa muda, huo ni utaratibu tu, si adhabu; kipa halazimiki kutoka.

Kumwita refa mla rushwa ni tuhuma nzito, hasa kwa vijana wanaochezesha mechi zetu za mitaani. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.