Shamba Lako Limeingia Mjini, Usiliuze kwa Karatasi ya Daftari

Watu wanaofika kwenye meza yetu ya ardhi siku hizi hawalalamikii tena jirani aliyesogeza mpaka wa mihogo. Wanakuja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, yenye saini mbili, alama ya dole gumba na muhuri wa serikali ya mtaa. Mmoja anauliza kwa nini kiwanja alichonunua kimeuzwa kwa mtu mwingine. Mwingine anauliza kwa nini shamba la marehemu baba yao limejaa misingi ya nyumba wasizozijua. Malalamiko ya namna hii yameongezeka, ndiyo maana tumeanza kupeleka kliniki za ardhi, yaani meza za ushauri wa bure, kwenye kata za pembezoni mwa Jiji la Tanga, na ndiyo maana naandika haya.

Jiji linatanuka kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 ndani ya mipaka ya Jiji. Sensa ya 2022 ikahesabu 393,429. Hao zaidi ya laki moja na ishirini elfu hawakuenea kwenye barabara za Ngamiani, maana Ngamiani ilikwisha kujaa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wamekwenda Kange, Mwahako, Pongwe na Mabokweni, kwenye minazi, mikorosho na mihogo. Ndivyo ilivyo nchi nzima. Mwaka 1967 waliokaa mijini hawakufika asilimia 7 ya Watanzania. Mwaka 2022 walikaribia asilimia 35.

Nasikia watu wakilaumu vijana kwamba wamekimbia jembe. Mimi siwalaumu. Mwaka 2001 zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi walikuwa kwenye kilimo. Kufikia 2014 walibaki kama theluthi mbili, na idadi imeendelea kushuka. Lakini kilimo hicho kinaleta kama robo tu ya pato la taifa. Theluthi mbili ya mikono inagawana robo ya chungu. Kijana anayeacha mihogo ya babu yake akanunua bodaboda amepiga hesabu yake vizuri.

Na sisi wa Tanga tulipaswa kulielewa jambo hili mapema kuliko wengine. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu iliyonusurika safarini ndiyo iliyopandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba makubwa, wakaja manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka kila pembe ya nchi na nje yake, na mji ukakua kwa jasho lao. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaanguka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Familia nyingi za Makorora na Mabawa zina babu aliyekata mkonge na mjukuu asiyejua hata jani lake linavyokatwa.

Tatizo ni kwamba anayetoka shambani hapa kwetu hapokelewi na kiwanda. Korea Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wakulima, na leo ni kama watano katika kila mia. Wale waliotoka mashambani walikwenda kwenye viwanda, wakapata mshahara na baadaye pensheni. Wetu anapokelewa na genge la mboga, pikipiki, kibarua cha ujenzi. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi wala kiinua mgongo. Alichonacho ni lile shamba la pembezoni, ambalo bila yeye kujua limekuwa mali kubwa kuliko mazao yote aliyowahi kuvuna humo. Akiliuza vibaya, ametoka kwenye kilimo mikono mitupu.

Alikuja mama mmoja wa makamo, mjane, ameuza ekari moja kwa bei ya shamba. Baada ya miezi michache akapita pale na kukuta vigingi. Tukapiga naye hesabu mezani. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukitoa karibu asilimia 30 kwa ajili ya barabara na maeneo ya wazi, inabaki ardhi ya kutosha viwanja saba vya mita 20 kwa 20. Aliyenunua kwake aliuza viwanja viwili tu akarudisha fedha yake yote. Mama yule sasa amepanga chumba. Hakudhulumiwa kisheria, mkataba ulikuwa halali na alilipwa alichokubali. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikuwa na la kumsaidia.

Sasa niseme yale tunayoyarudia kila siku.

La kwanza ni ile kauli ya "shamba langu, nakata nitakavyo". Hapana. Likishaingia kwenye eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inakutaka uwe na kibali cha mamlaka ya upangaji kabla ya kuligawa au kuliendeleza. Haki yako haijafutwa, shamba bado ni lako, ila matumizi yake hayaamuliwi na wewe peke yako. Anayekata kwa hatua ishirini kwa ishirini na kuuza bila kibali anaweza kupewa ilani ya kusitisha, na aliyejenga akaamriwa kubomoa kwa gharama zake mwenyewe. Watu wakiona ilani husema serikali inawaonea maskini. Lakini mtaa uliokatwa hivyo hauna njia ya gari la zimamoto, hauna pa kupitisha bomba la maji, na jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa kati ya kuta mbili. Wanaoteseka humo ni maskini haohao.

Utaratibu wenyewe ni huu. Wenye mashamba yanayopakana wanakubaliana, maana ekari moja peke yake ni vigumu kuipangia barabara. Mnafika idara ya mipango miji na uthibitisho wa umiliki wa kila mmoja pamoja na barua ya ofisi ya mtaa inayowatambulisha. Unaandaliwa mchoro wa mipango miji, na Jiji au kampuni iliyosajiliwa inaweza kuuandaa. Mchoro unapitishwa na vikao vya halmashauri, kisha unaidhinishwa wizarani. Hapo ndipo mpima ardhi anaingia, anasimika bikoni, yaani mawe ya mpaka, na ramani ya upimaji inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Baada ya hapo kila kiwanja kina namba, na kila namba inaweza kuombewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Kung'oa bikoni ni kosa la jinai, hata kama imesimikwa katikati ya mihogo yako. Kama huridhiki na ilipowekwa, lete pingamizi ofisini. Na kama hamna fedha za upimaji, zipo kampuni zinazokubali kulipwa kwa viwanja. Someni mkataba wao kabla ya kusaini, hasa idadi ya viwanja wanavyochukua na nani atakayechagua vya barabarani.

La pili ni muhuri. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Unaonyesha kwamba mwenyekiti alikuwepo na anawafahamu wahusika, basi. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali, wala kwamba mali haijauzwa jana kwa mwingine. Ile asilimia kumi ya bei ambayo baadhi ya ofisi za mitaa huidai kwa kila mauzo haimo kwenye sheria yoyote ya ardhi ninayoisimamia. Wananchi wanailipa bila kuuliza, kisha wanakuja kutulalamikia kwamba ada ya usajili ni kubwa.

Mauziano yawe kwa maandishi, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka hivyo. Kwa ardhi iliyosajiliwa, miliki haihami mpaka uhamisho uandikishwe kwa Msajili wa Hati. Kabla ya kulipa, omba upekuzi rasmi. Utaonyesha nani ameandikwa na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari walilokusudia si lile la shule linalochanwa karatasi chini ya mwembe.

La tatu linahusu pwani yetu zaidi. Kuna mashamba ambayo ardhi ni ya mtu mmoja na minazi ni ya mwingine, kwa makubaliano ya mababu ambayo hayakuandikwa popote. Ukoo ulipokuwa unavuna nazi, kila mtu alijua wapi pake. Ardhi ikipanda bei, mjukuu wa aliyepanda minazi anatokea kutoka Mombasa au Dar es Salaam na kudai sehemu yake, na mara nyingi madai yake si ya uongo. Malizeni mazungumzo hayo kabla ya mnunuzi kufika, mwandike, na wazee waliobaki waweke saini wakiwa hai.

Shamba la marehemu haliuzwi na mtoto mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa. Linauzwa au kugawanywa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi, maombi yanapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akiteuliwa, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na hesabu. Mabinti wamo kwenye mirathi hiyo. Nasema hivi kwa sababu nimeona mihtasari ya ukoo yenye majina ya wanaume watupu. Vilevile nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na kwa Sheria ya Ardhi, ardhi iliyopatikana ndani ya ndoa kwa matumizi ya wote wawili huhesabiwa kuwa ya wote wawili isipokuwa hati ikisema vingine.

Anayeuza kisicho chake, au anayeuza kimoja mara mbili, anashtakiwa kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka saba.

Kama shamba liko kijijini, tuseme Mkinga, Muheza au Pangani, njia ni nyingine kabisa. Huko inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa hiyo kipande ulichopewa na mwenyekiti na mtendaji wakiwa wawili ofisini hakijagawiwa. Hati yake ni ya hakimiliki ya kimila, na ukitaka kumhamishia mtu wa nje ya kijiji, halmashauri ya kijiji inatakiwa kukubali kwanza. Haitakiwi kukubali kama uhamisho huo utamnyima mwanamke haki yake ya kumiliki.

Kodi nazo zinaogopwa kuliko zinavyostahili. Mkazi anayeuza ardhi kwa faida hulipa kodi ya ongezeko la mtaji kwa asilimia 10 ya faida, na mauziano yenyewe hutozwa ushuru wa stempu, kwa kawaida asilimia 1. Lakini shamba lenye thamani isiyofika shilingi milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, limesamehewa kodi hiyo ya ongezeko la mtaji. Wapo waliokwepa kusajili mauziano yao wakikimbia kodi ambayo hawakudaiwa.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa tangu bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima lipangiwe kuishia Chongoleani, kama serikali inaweza kuchukua shamba bure. Haiwezi. Sheria inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Fidia ina thamani ya ardhi, mimea na majengo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya upotevu wa faida, na ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Kinachowakosesha watu fidia ni kutokuwepo siku ya uthamini, au kupanda migomba usiku wa kuamkia uthamini. Hilo la pili linachelewesha malipo ya mtaa mzima.

Mkigombana, anzeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lina siku 30. Likishindwa, linatoa cheti, na kwa cheti hicho unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukienda huko bila cheti kabla siku hizo 30 hazijapita, shauri lako halitasikilizwa, na watu wamepoteza nauli nyingi kwa kutojua hilo. Msikae na madai hadi wajukuu wakue pia, kwani ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12.

Ukija kwenye kliniki ya kata yako, lete karatasi zako zote hata zilizochakaa, kitambulisho cha taifa, majina ya majirani wa pande nne, na kama mali ni ya marehemu, cheti cha kifo na barua ya usimamizi. Mama asiye na karatasi yoyote aje pia, aje na majirani wawili waliomkuta pale. Ushauri hautozwi. Ada yoyote ya serikali inalipwa kwa kontroli namba benki au kwa simu, na risiti unaipata papo hapo. Ukiombwa fedha mkononi na yeyote, hata akiwa amevaa kitambulisho chetu, usitoe, muulize jina lake na umwone mkuu wa idara siku hiyohiyo.