Msaada wa serikali baada ya moto wa nyika nchini Marekani: dhana potofu na ukweli wake

Tarehe 7 Januari 2025, upepo mkali ulisukuma mioto miwili, ule wa Palisades upande wa bahari na ule wa Eaton chini ya milima ya San Gabriel, ikaingia katika mitaa ya makazi ya Kaunti ya Los Angeles. Hadi ilipodhibitiwa kabisa tarehe 31 mwezi huohuo, zaidi ya majengo 16,000 yalikuwa yameteketea, na idadi ya waliopoteza maisha baadaye ilifikia 31. Rais alitangaza janga kubwa tarehe 8 Januari, moto ukiwa bado unawaka, na kuanzia hapo wakazi waliweza kuomba msaada wa Shirika la Shirikisho la Usimamizi wa Dharura, yaani FEMA. Papo hapo zikaanza kusambaa habari ambazo zilikwisha kusikika Lahaina, kisiwani Maui katika jimbo la Hawaii, baada ya moto wa Agosti 2023: kwamba mwenye bima asijisumbue, kwamba mpangaji hana chake, kwamba anayepokea pesa za serikali atanyang'anywa kiwanja.

Makala haya yanamlenga msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani, awe alifika kama mkimbizi kutoka Kongo, mwanafunzi kutoka Kenya au mfanyakazi kutoka Tanzania, na yanamlenga pia ndugu aliye nyumbani anayempigia simu kumshauri. Ushauri wa ndugu una uzito mkubwa katika familia zetu, na ukiwa na kosa unaweza kumkosesha mtu haki ambayo sheria imempa. Kati ya makosa yote, lenye hasara kubwa zaidi ni la mtu kujihukumu kuwa hastahili kabla hajaomba, au kukata tamaa baada ya barua ya kwanza.

Dhana: FEMA ikitajwa kwenye taarifa ya habari, kila aliyeunguliwa atapata pesa.

Ukweli: FEMA ina ruzuku maalumu ya kuzima moto, ambayo hulipia asilimia 75 ya gharama zinazokubalika za jimbo na serikali za mitaa, kama vile vifaa, kambi na posho za wazimamoto. Ruzuku hiyo inapoidhinishwa, vyombo vya habari hutangaza kwamba FEMA imetoa msaada, ilhali mwenye nyumba hapati hata senti moja. Ili watu binafsi wasaidiwe, gavana hana budi kuomba, Rais atangaze janga kubwa kwa mujibu wa Sheria ya Stafford, yaani sheria ya Marekani ya misaada ya majanga, na tangazo litaje kaunti husika pamoja na kueleza kwamba msaada kwa watu binafsi umo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuulizia ni kama kaunti yako imetajwa, na imetajwa kwa msaada wa aina gani.

Dhana: Msaada huu ni fidia, na utajenga nyumba upya.

Ukweli: Hapa ndipo matumaini mengi huvunjika, na ni afadhali mtu aujue ukweli mapema. Kwa majanga yaliyotangazwa katika mwaka wa fedha ulioanza Oktoba 2024, ukiwemo moto wa Los Angeles, kiwango cha juu kabisa kilikuwa dola 43,600 kwa upande wa nyumba, na dola nyingine 43,600 kwa mahitaji mengine kama vile samani, gari, matibabu na mazishi. Wachache hufikia viwango hivyo, na hata anayevifikia hawezi kujenga nyumba kwa bei za California. Lengo la sheria ni kumwezesha mtu kupata mahali salama pa kuishi na kuanza kusimama tena, wala si kumrudishia kila alichopoteza.

Fidia ni jambo tofauti, na tofauti hiyo inaonekana vizuri New Mexico. Moto wa Hermits Peak ulianza tarehe 6 Aprili 2022 kutokana na uchomaji wa makusudi wa Idara ya Misitu ya Marekani, ambao ulikusudiwa kupunguza majani na vichaka lakini ukawashinda waliouwasha, kisha ukaungana na moto wa Calf Canyon na kuwa mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa katika jimbo hilo. Kwa kuwa serikali ndiyo iliyokuwa chanzo, Bunge la Marekani lilitunga sheria ya pekee ya kuwalipa walioathirika na likatenga jumla ya dola bilioni 5.45. Malipo hayo yalikuwa na ofisi yake, fomu zake na tarehe zake, mbali kabisa na msaada wa kawaida wa majanga. Aliyeathirika na moto ambao haukusababishwa na serikali asilinganishe barua yake na ya mtu wa New Mexico.

Kosa la upande wa pili nalo limewaumiza watu. Maui ilivuma kwamba msaada wote ni dola 700 tu, na baadhi wakaona hakuna haja ya kujaza fomu kwa ajili ya kiasi hicho. Pesa hizo zilikuwa za mahitaji ya haraka ya siku za mwanzo: chakula, maji, mafuta ya gari, maziwa ya mtoto. Los Angeles kiasi cha namna hiyo kilikuwa dola 770. Kodi ya pango, matengenezo na vitu vilivyoungua hushughulikiwa kando, baada ya maombi kuchambuliwa.

Dhana: Mwenye bima haruhusiwi kuomba.

Ukweli: Anaruhusiwa, na asingoje bima imalizane naye ndipo aombe. Kinachokatazwa na sheria ni kulipwa mara mbili kwa hasara ileile. Bima ikilipa sehemu tu, au ikikataa, au fungu la gharama za kuishi nje ya nyumba likaisha kabla ya ujenzi, hapo FEMA inaweza kuziba pengo kwa yale inayoruhusiwa kuyalipia. Tatizo ni muda. Kwa kawaida maombi hupokelewa kwa siku 60 tangu tangazo la Rais; Los Angeles tarehe ya mwisho ilikuwa 10 Machi 2025, ikasogezwa hadi 31 Machi. Kampuni ya bima inaweza kuchukua miezi kabla ya kutoa uamuzi wake. Kwa hiyo mtu huomba kwanza ndani ya muda, kisha hupeleka barua ya bima inapopatikana, iwe ya malipo au ya kukataa. Michango ya marafiki na ndugu pia iangaliwe: pesa zilizochangwa kwa kusudi maalumu, mathalani kulipia pango, zinaweza kuhesabiwa kuwa malipo ya hitaji hilo, ilhali zawadi isiyotajiwa kusudi kwa kawaida haileti shida.

Dhana: Mpangaji hana haki, na asiye na hati ya nyumba hana ushahidi.

Ukweli: Mpangaji anaweza kusaidiwa kulipa pango la muda, kununua upya vitu muhimu vya nyumbani na kukidhi mahitaji mengine, asichoweza kupata ni pesa za kutengeneza jengo lisilo lake. Kuhusu hati, tatizo hili ni kubwa katika nyumba za urithi, ambapo bibi alifariki na jina lake likabaki kwenye karatasi, nasi tunalifahamu vizuri kutokana na kesi za mirathi za kwetu. Altadena, mji ulioteketezwa na moto wa Eaton, ulikuwa na familia nyingi za Wamarekani Weusi waliorithishana nyumba kizazi hadi kizazi. Tangu mwaka 2021 FEMA imepanua orodha ya nyaraka inazokubali, zikiwemo risiti za matengenezo makubwa, na kwa nyumba za urithi inaweza hata kukubali tamko la maandishi la mwombaji mwenyewe pale nyaraka nyingine zote zinapokosekana.

Dhana: Msaada ni wa raia tu.

Ukweli: Pesa za FEMA hutolewa kwa raia na kwa makundi fulani ya wahamiaji ambayo sheria imeyataja: wenye ukaazi wa kudumu, maarufu kama grini kadi, wakimbizi, watu waliopewa hifadhi, na wengine kadhaa. Mkimbizi wa Kikongo aliyeletwa na mpango rasmi wa makazi mapya yumo. Mwenye viza ya masomo au ya kazi ya muda hayumo, na mwenye hadhi ya ulinzi wa muda (TPS) hawi ndani kwa sababu ya hadhi hiyo peke yake. Hata hivyo, mzazi asiyestahili anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake aliye chini ya miaka 18, anayeishi naye, ambaye ni raia au ana hadhi inayokubalika, na aliye na namba ya Hifadhi ya Jamii. Makazi ya dharura, chakula, ushauri nasaha na msaada wa kisheria baada ya janga havitegemei hadhi ya uhamiaji.

Lipo jambo ambalo lazima lisemwe wazi. FEMA iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wizara ileile inayosimamia utekelezaji wa sheria za uhamiaji, na tamko ambalo mwombaji hutia sahihi linaeleza kwamba taarifa zake zinaweza kushirikishwa ndani ya wizara hiyo. Familia yenye watu wa hadhi mchanganyiko imwone mwanasheria wa msaada wa bure kabla ya kutia sahihi, wala isitegemee neno la jirani, liwe la kutisha au la kutia moyo.

Dhana: Ukiandikishwa na Msalaba Mwekundu umeshaomba FEMA.

Ukweli: Hapana. Kila taasisi ina orodha yake. Maombi ya FEMA hufanywa kwenye tovuti ya DisasterAssistance.gov, kwenye programu ya simu ya FEMA, kwa namba 1-800-621-3362 ambako mtu anaweza kuomba mkalimani, au katika vituo vya msaada kama vile vilivyofunguliwa katika majengo ya vyuo vya UCLA na Pasadena City College.

Dhana: Ukielekezwa kwenye mikopo ya SBA, ujue umekataliwa.

Ukweli: SBA ni wakala wa serikali wa biashara ndogo, lakini baada ya janga huwakopesha pia watu wa kawaida, hadi dola 500,000 kwa mwenye nyumba kutengeneza au kujenga upya na hadi dola 100,000 kwa vitu vya ndani, wapangaji wakiwemo. Zamani baadhi ya waombaji walilazimika kuomba mkopo huo kwanza kabla ya kufikiriwa kwa ruzuku ya vitu vya nyumbani; sharti hilo liliondolewa Machi 2024. Anayeidhinishiwa mkopo halazimiki kuuchukua.

Dhana: Barua ikisema hustahili, habari imekwisha.

Ukweli: Barua hiyo mara nyingi humaanisha kwamba kuna kitu kinakosekana kwenye jalada. Huenda utambulisho haukuthibitishwa, barua ya bima haijafika, hakuna uthibitisho kwamba uliishi kwenye nyumba hiyo, mkaguzi alipiga simu na hakujibiwa, au mtu mwingine wa anwani ileile alishaomba. Isomwe yote, hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu sababu ya kukataliwa hutajwa humo. Mwombaji ana siku 60, kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua na si siku aliyoifungua, kukata rufaa. Bili ya maji au umeme, mkataba wa pango, hati ya mshahara au barua ya shule ya watoto huweza kuthibitisha makazi. Makadirio ya fundi mwenye leseni huweza kuonyesha kwamba matengenezo yanagharimu zaidi ya yaliyokubaliwa. Kila karatasi iandikwe namba ya maombi na namba ya janga, maana karatasi isiyo na namba ni rahisi kupotea. Mwombaji anaweza pia kuomba nakala ya jalada lake ili aone mkaguzi aliandika nini. Mkaguzi mwenyewe haamui. Anarekodi uharibifu, na kazi yake ni bure. Anayedai malipo ili aje kukagua au akuharakishie maombi ni tapeli.

Yafaa kuongeza kwamba ruzuku hii hairudishwi, isipokuwa pale mtu alipolipwa mara mbili au alipodanganya, haitozwi kodi ya mapato, na haipunguzi haki ya mtu katika misaada kama ile ya chakula au Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Risiti zitunzwe kwa miaka mitatu.

Dhana: Serikali itachukua kiwanja, na ikishakisafisha, kiwanja ni salama.

Ukweli: FEMA haina mamlaka ya kumnyang'anya mtu ardhi kwa sababu ameomba msaada. Hofu hiyo ilikuwa kali Maui, mahali ambapo kupoteza ardhi ni historia ya wenyeji na si uvumi mtupu, na kwa sababu hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima. Los Angeles hofu hiyo iliangukia fomu ya ruhusa ya kuingia kiwanjani. Fomu hiyo iliruhusu Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi kuondoa majivu na vifusi bila kumtoza mwenye kiwanja, baada ya wakala wa mazingira EPA kuondoa betri za lithiamu, mitungi ya gesi na kemikali. Haikuhamisha umiliki. Fungu la bima lililotengwa mahsusi kwa kuondoa vifusi ndilo lililoweza kudaiwa, na asiyetaka mpango huo aliruhusiwa kutafuta mkandarasi mwenye leseni kwa gharama yake.

Usalama wa udongo ni suala lingine. Wahandisi waliondoa hadi inchi 6 za udongo chini ya majivu, na FEMA ikakataa kulipia vipimo vya kuhakikisha kilichobaki, licha ya maombi ya maofisa wa California. Kaunti ya Los Angeles ikaanzisha upimaji wa bure wa madini ya risasi kwa wakazi wa eneo la moto wa Eaton. Mwenye watoto wadogo, ambao madini hayo huwadhuru zaidi, au anayekusudia kulima mboga kwenye kiwanja hicho, apime udongo kabla ya kurudi, hata kama amekabidhiwa cheti kinachosema kwamba usafishaji umekamilika.