Billy the Kid hakuwa wa mashoto

Wiki iliyopita dogo mmoja darasani kaniuliza, mwalimu, eti kweli Billy the Kid, yule jambazi kijana wa Magharibi ya Marekani, alikuwa anapiga bastola kwa mashoto? Nikacheka, maana kila mwaka lazima atokee mmoja wa kuliuliza hilo. Yeye kaliona kwenye muvi. Mimi nilianzia kibanda umiza, mabenchi ya mbao, joto kama tanuri, makauboi na kofia zao za pama wanapigana risasi vumbi linatimka, na sheria ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Ndo hapo nikanasa, na mpaka leo nafundisha historia ya hayo mambo, mke wangu anasema sijawahi kutoka kibandani.

Haya, jibu ni hapana, na ushahidi uko kwenye bunduki yenyewe.

Ile picha ya Billy mnayoiona kila mahali, amesimama kofia imepinda, ilipigwa kule Fort Sumner, New Mexico, kama 1880 hivi. Picha za aina ile zilikuwa hazina negativu, mtu alitokea moja kwa moja kwenye kibati chembamba, kwa hiyo anatoka kageuzwa kama vile unavojiona kwenye kioo. Bastola inaonekana kiunoni upande wa kushoto, basi watu wakasema huyu wa mashoto, ikaandikwa, ikarudiwa, mpaka 1958 Hollywood wakatoa muvi nzima jina lake linataja huo mkono wa kushoto. Sasa wewe achana na kiuno, angalia ubavu wa ile bunduki ndefu, Winchester ya 1873, aliyoishika. Kile kitundu cha kuingizia risasi kinaonekana kushoto. Winchester ya 1873 kitundu chake kiko kulia, hakuna ya kushoto. Geuza picha uone: kitundu kinarudi mahali pake na bastola inahamia kulia. Basi, kesi imeisha. Kibati chenyewe kiliuzwa mnadani 2011 kwa dola milioni 2.3, na bado kuna watu wanabisha.

Habari zake nyingine nazo ni hivohivo. Tunaambiwa aliua watu 21, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake, hesabu tamu kweli, ila wanahistoria wengi wakihesabu hawavuki tisa. Sherifu Pat Garrett alimpiga risasi usiku wa 14 Julai 1881 ndani ya chumba cha giza, watu wakaanza kunong'ona kwamba ule siyo uanaume, na mwaka uliofuata Garrett akatoa kitabu cha kujisafisha, ambacho sehemu kubwa aliandikiwa na rafiki yake Ash Upson. Upson ndo aliyetupa tarehe ya kuzaliwa Billy, 23 Novemba. Na Upson mwenyewe alizaliwa lini? 23 Novemba. Sasa hapo kila mtu na akili yake.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na mimi ndo kinanikosesha usingizi, ni kwamba hizi hadithi hazikuja kutungwa baadaye na watu wa sinema. Wenyewe walikuwa wanazitengeneza huku wakipigana. Mchukulie Buffalo Bill Cody. Tangu 1872 alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na vita vya jeshi la Marekani na wenyeji wa asili vikiwaka anarudi kuwa skauti wa jeshi. Jenerali Custer wa jeshi hilo kauawa na wenyeji hao Juni 1876 kwenye vita vya Little Bighorn, na tarehe 17 Julai Cody na askari wa farasi wakakutana na kundi la Wacheyenne, moja ya makabila hayo ya wenyeji, kwenye kijito cha Warbonnet, Nebraska. Asubuhi ile jamaa alivaa nguo zake za jukwaani! Mahameli meusi, vifungo vya fedha, lesi, yaani mtu anaenda vitani kavaa kama anaenda kuoa. Akamuua shujaa mmoja wa Kicheyenne ambaye jina lake maana yake ni Nywele za Njano, akamchuna ngozi ya kichwa, na kabla mwaka haujaisha yuko jukwaani anaigiza kifo kilekile na watu wanalipa kiingilio. Hata jina la marehemu walilikosea, wakamtangaza kama Mkono wa Njano. Baadaye, 1883, akaanzisha maonyesho makubwa ya farasi na bunduki, na 1885 akamwajiri Sitting Bull mwenyewe, kiongozi wa Walakota, kabila lingine la wenyeji, waliokuwepo kwenye vita ya kumuua Custer, akazunguka naye miezi kama minne. 1887 wakavuka hadi London, Malkia Victoria akatazama. Walakota waliosafiri naye walikuwa wanalipwa kushindwa kila siku saa ya onyesho.

Kuhusu ule mpambano maarufu wa risasi wa zizi la O.K. Corral nitasema kidogo tu, maana nikianza siachi. Kwanza haukutokea kwenye hilo zizi, ilikuwa kwenye kiwanja chembamba pembeni ya studio ya picha ya Camillus Fly, mjini Tombstone, Arizona, 26 Oktoba 1881. Kina Earp, ndugu waliokuwa walinzi wa sheria wa mji, na genge la vijana makauboi wamesimama hatua chache tu, risasi kama 30 ndani ya sekunde kama 30, moshi wa baruti hauoni kitu, watatu chini. Na Fly, mpiga picha mzima, hakupiga hata moja, alitoka na bunduki akaenda kumpokonya Billy Clanton, mmoja wa vijana hao, bastola wakati anakata roho. Chanzo cha mpambano? Mji ulikuwa na sheria inayokataza kutembea na silaha, na kina Earp wakaenda kuwanyang'anya wale vijana. Ndio, Magharibi ileile ya muvi ambayo kila mtu ana bastola kiunoni. Hata Dodge City, mji wa Kansas, walikuwa na kibao kinachokataza silaha. Miji mitano ya biashara ya ng'ombe ya Kansas ukiijumlisha, toka 1870 hadi 1885, waliouawa ni 45, wakati kule kibandani kwetu hao ni wa kabla hujamaliza karanga.

Wyatt Earp, mmoja wa hao ndugu, alihangaika miaka na miaka ili Hollywood wachukue habari zake, zikaandikwa, zikakataliwa. Akafa Los Angeles Januari 1929, ana miaka 80, kitandani. Waliobeba jeneza lake, wawili kati yao walikuwa William S. Hart na Tom Mix, makauboi wa sinema. Kitabu kilichomfanya kuwa stelingi kilitoka 1931.